Ngoma Inaruhusiwa, Sauti Hairuhusiwi

Barua ya mwenye nyumba ilikuwa na mistari mitatu na mihuri miwili. Ilisema ngoma ya mtoto inaruhusiwa kukaa nyumbani, ila sauti yake hairuhusiwi. Yeye mwenyewe atakuja kukagua Jumamosi saa nne asubuhi, na akisikia kitu, ngoma itoke.

Kaka yangu aliisoma mara nne, kisha akanisukumia mimi, utadhani mimi ndiye niliyezaa.

"Dada, wewe si fundi? Fanya utundu wako."

Mimi ni fundi wa viti. Nawamba sofa, nawamba viti vya ofisini, hata kile kiti cha daktari wa meno nimeshakiwamba. Ngoma sijawahi. Lakini sina kawaida ya kumwambia kaka yangu kwamba kuna kitu sikijui, na sikuona sababu ya kuanza siku ile.

"Kuwamba ni kuwamba tu," nikamjibu. "Lete hiyo ngoma."

Ni ile ngoma kubwa ya chini katika seti ya mtoto, inayopigwa kwa mguu. Mwenye seti ni binti yake kaka, ana miaka saba, tunamwita Kishindo, na jina hilo alilipata kabla hajajua kutembea. Tangu barua ifike alikuwa analala amekumbatia pedali. Angelia ningemnyamazisha kwa biskuti. Halii. Ananitazama tu, na hilo ndilo lililoniuma.

"Shangazi, itaondoka?"

"Haiendi popote. Mimi nipo."

Basi, nimeshajifunga kwa mdomo wangu mwenyewe.

Ijumaa mchana tukaipandisha kwenye meza yangu ya kazi. Ngozi zake zilikuwa zimelegea, ya mbele imepasuka, na kaka alikuwa ameleta mbili mpya za plastiki nyeupe. Nikafungua skrubu sita upande huu na sita upande ule kwa ufunguo wake mdogo, nikatoa pete za mbao, nikachungulia ndani. Tupu! Mie nikiona kitu kitupu mikono inaniwasha. Nikachukua sponji ngumu ya kukalia, nikaikata duara kwa kisu, nikapanga tabaka juu ya tabaka, nikakandamiza kwa goti. Kishindo akakalia, nikachomeka nyingine.

Kisha nikaweka ngozi, nikaweka pete juu yake, nikakaza skrubu kwa vidole kwanza, halafu kwa ufunguo, nusu mzunguko, hii kisha inayotazamana nayo. Kitambaa cha kiti ndivyo kinavyovutwa. Ukivuta upande mmoja peke yake kinakukunjia uso. Mikunjo yote ikaisha. Nikageuza, nikafanya upande wa pili. Nikagonga kwa kidole karibu na kila skrubu nisikie kama zinalingana, na zililingana kweli. Zote zilikuwa kimya.

Kishindo akakanyaga pedali. Fu. Akakanyaga tena. Fu. Ni kama mtu mnene ameketi.

"Inalia kwa ndani?" akaniuliza.

"Ee, kwa ndani," nikasema, na aibu iliyonishika nikaisingizia vumbi la sponji.

Jumamosi saa nne kamili mwenye nyumba akagonga mlango. Anakaa juu yetu, mzee mkavu, na alikuwa amefunga tai kabisa kwa ajili ya kusikiliza. Tukamwamkia shikamoo wote watatu, hakuitikia hata mmoja. Mwaka mzima huu haitikii, nami nilishamweka kwenye kundi la wenye dharau. Akavuta kiti, akatoa daftari na kalamu.

"Apige!" akapaza sauti, maana hajui kusema bila kufoka.

Kishindo akapiga. Mzee akatazama mguu, akatazama ngoma.

"Nimesema apige!"

"Anapiga, mzee," kaka akasema.

"Kwa nguvu!"

Mtoto akajipinda, akapiga mpaka kibanio cha nywele kikamruka kichwani. Fu, fu, fu. Mzee akasogeza kiti, akainama, akalitega sikio karibu kabisa na ngozi. Kaka yangu akanikonyeza. Kichwa kikanivimba, nikajiona fundi wa mafundi. Ndipo nikaona kalamu imemdondoka mzee.

Akanishika kiwiko, akanivuta hadi jikoni, akaninong'oneza. Mnong'ono wenyewe ulifika barabarani.

"Fundi, usimwambie mtu. Nimeshakuwa kiziwi!"

"Mzee, hapana, ile ngoma..."

"Redio ilishaniacha. Mlango hodi siusikii. Nyinyi mkinisalimu naona midomo tu inacheza. Ngoma ya yule mtoto ndiyo ilikuwa imenibakia. Inapanda sakafuni, naipata kwa nyayo, mpaka kifuani. Leo na hiyo imekwenda!"

"Sasa kama ndiyo iliyobakia, barua ya nini?" nikamfokea, kwa mkono, kwa macho, kwa kila kitu.

Hiyo akaielewa. "Mwaka mzima sijamlalamikia mpangaji hata mmoja. Watu si wangejua sisikii?"

Jamani! Nilitaka kumpa vipande vyake, lakini macho yake yalikuwa yamejaa machozi, nikashindwa. Nikinyamaza, ngoma inabaki na barua imetimizwa. Nikifungua, anasikia, na akisikia ngoma inatoka. Nimegeuka, Kishindo huyo mlangoni, ananinyooshea ufunguo.

"Toa sponji, shangazi."

"Mama, itaondoka," nikamwambia.

"Toa tu. Anaogopa."

Nikatoa. Sponji zote nikazimwaga sebuleni, kaka yangu akipiga kelele kwamba nimerukwa na akili, mzee akidhani ngoma nimeiua. Nikarudisha ngozi, nikakaza kwa vidole. Kisha nikaubandika mkono wa mzee katikati yake. Kishindo akawa anakanyaga taratibu, mimi nazungusha ufunguo, huku, kisha ng'ambo.

"Bado," mzee akasema. "Bado. Kidogo. Legeza hiyo ya chini. Hapo! Hapo usiguse!"

Kishindo akapanda na miguu yote miwili.

DU! Vikombe vikaruka kabatini. Mzee akapiga yowe, akacheka, akajifuta uso kwa tai.

"Nimesikia!"

Halafu akakumbuka yeye ni nani. Akaokota kalamu, akaandika, akasimama wima.

"Nimesikia," akarudia, safari hii kwa uso wa mihuri. "Barua ni barua. Ngoma itoke humu ndani."

Kishindo akaichomoa pedali, akaikumbatia. Mimi maneno nilikuwa nayo, tena mabaya, yako mdomoni tayari, lakini mzee alishaikumbatia ngoma na kutoka nayo. Tukamsikia anahema kwenye ngazi. Hakushuka. Alipanda.

"We mtoto!" akafoka kutoka juu. "Lete hiyo pedali!"

Siku hizi kila jioni dari letu linatikisika, na kaka analalamika peke yake. Nami nikikutana na mzee kwenye ngazi napiga kwanza mguu chini, du, ndipo nasema shikamoo. Anaitikia marahaba.