Kiraka cha Begani

Kiraka kilikuwa chepesi kama utando wa buibui. Navdeep, mtafiti wa hospitali, alikilaza juu ya kidonda kilichokuwa begani mwa Nakhungu, akabana kingo zake kwa kidole.

"Hizi ni nyuzi za nano," alisema. "Ni nyembamba kuliko unywele, na kila uzi umebeba dawa ya saratani. Zitayeyuka polepole, dawa iingie palepale penye kidonda. Bado tunaijaribu, kwa hiyo tuwe na subira. Ila kiraka usikiloweshe, wala usikipake mafuta, hata tone. Kikiteleza, sina kingine cha kukupa."

"Nimesikia, daktari."

Alisikia vizuri, maana dada yake Nabututu alikufa kwa kidonda kama hicho. Wote wawili walizaliwa na ualbino, wote walianika dagaa wa omena ufukweni Dunga, na jua la ziwa halikuwahurumia. Kanisani kwao mgonjwa hupakwa mafuta penye ugonjwa wenyewe. Nabututu aliivua bandeji yake mbele ya watu ili aonyeshe imani, na hakuirudisha tena. Kidonda kikaoza.

Tangu kiraka kiwekwe, Nabututu alikuwa amerudi. Nakhungu alimsikia mchana, akiwa peke yake chumbani kwake mtaani Manyatta: pumzi nzito nyuma ya bega, na ile harufu ya siku za mwisho. Alisoma Zaburi kwa sauti ili aifunike pumzi ile. Haikufunikika.

Jumapili baada ya ibada, kikundi cha maombi kilimtembelea. Mama Rachael, kiongozi wao, alishika chupa ya mafuta, kama siku ile alipompaka Nabututu.

"Haya binti, fungua bega."

"Nipake kichwani, Mama. Mungu anajua njia ya kufika begani."

Wanawake wawili wakacheka. Rachael hakucheka.

"Kumbe siku hizi unamwogopa Mhindi wa hospitali kuliko Mungu?"

"Namwogopa Mungu. Ndiyo maana sitaki kutupa alichonipa."

"Dada yako hakubishana hivi."

"Hakubishana, Mama. Na tulimzika."

Kisha Rachael akaanza kuomba kwa sauti kuu. Wengine wakainua mikono na kufumba macho. Katikati ya maombi Rachael alishusha ukosi wa gauni la Nakhungu. Vidole vyake viling'aa mafuta. Nakhungu alitaka kurudi nyuma, lakini mgongoni palikuwa na ukuta.

Mkono wa Rachael ukasimama hewani.

"Nani amenishika?"

Wakafumbua macho. Mikono yao yote ilikuwa juu. Ya Nakhungu ilikuwa magotini. Kwenye kifundo cha mkono wa Rachael kulikuwa na alama za vidole, na harufu ile ikajaa chumba hadi mwanamke mmoja akaziba pua kwa leso.

Rachael akampaka Nakhungu kwenye paji la uso, haraka. Akawaambia wenzake watangulie, akabaki mlangoni.

"Dada yako bado amenikasirikia?"

"Sijui, Mama. Haniambii kitu. Anakaa tu hapa."

"Nitakuwa nikija kukuombea bila chupa."

"Njoo."

Alipoondoka, Nakhungu alipapasa kingo za kiraka. Zilikuwa kavu, zimeshika. Akapiga magoti, akamshukuru Mungu, kisha akaomba jambo ambalo hakuwahi kuthubutu kuliomba: dada yake apumzike.

Alingoja. Kitandani, upande wa ukuta, godoro likabonyea polepole, kama mtu anayeketi kungoja pia.