Minazini Jazz ni ya Muongo Gani

Khairiya Haroub alikwenda Chanika akiwa na jibu lake tayari, na mtu mwenye jibu tayari ni mgumu wa kusikia. Tamasha lilikuwa Jumamosi ya wiki inayofuata, Kinondoni, na mwandaaji alikuwa yeye. Kila muongo wa muziki wa dansi ulipewa bendi moja, na bango lilitakiwa kwenda kuchapwa kesho yake asubuhi. Miaka ya sitini ilishapata wenyewe. Ya themanini ilichukuliwa na Super Kiwango. Sabini aliiacha wazi makusudi kwa ajili ya Minazini Jazz, wana Tia Nanga, kama walivyojiita kwa mtindo wao.

Aliipenda bendi ile kupita kiasi. Baba yake, muuza vitambaa, alizipiga kanda zao dukani mpaka zikachakaa, na Khairiya alijua hata mahali ambapo mpiga ngoma alikohoa. Kwa hiyo alipofika kwa Mzee Gozbert, mpuliza saksafoni na kiongozi wa wachache waliobaki, ulimi ulimwia mzito.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba, mwanangu. Karibu kiti."

Khairiya alieleza habari ya tamasha. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa.

"Sabini hapana. Sie utuandike themanini."

Khairiya akadhani uzee umeshaanza kumchezea. Akamkumbusha kwa upole, kama anavyokumbushwa mtoto, kwamba nyimbo zote za Tia Nanga zilirekodiwa kati ya sabini na tano na sabini na nane.

"Najua, mama," Gozbert alisema. "Nilikuwepo."

Khairiya aliona haya, na alistahili. Asiyewajua watu wa dansi angedhani mzee anadeka, lakini kwao bendi haihesabiwi kwa jina tu, huhesabiwa na kwa mtindo. Nyota wakihama, wanaobaki hubuni mtindo mwingine, kwa maana ule wa kwanza umeondoka na waliouimba. Na Minazini ilihamwa kweli kweli. Ijumaa moja ya mwaka sabini na tisa, mwimbaji wake Venance, aliyeibuni Tia Nanga, alikwenda Super Kiwango na wenzake saba.

"Jumamosi tulikuwa na dansi Temeke," mzee alisema. "Tukapanda wanne. Watu wanapiga kelele, Tia Nanga! Tia Nanga! Nikawaambia, wenye nayo wameondoka nayo. Kuanzia leo sie ni wana Kaza Moyo. Nusu ya ukumbi ikatoka."

"Na nusu nyingine?"

"Ikabaki. Hao ndio ninaokudai uwaandike."

Akamsimulia mwanzo wa miaka ya themanini, miaka ya kukosa kila kitu. Nyuzi za gitaa zikikatika walifunga waya za breki za baiskeli. Yeye mwenyewe alichonga mwanzi akauweka mdomoni mwa saksafoni badala ya ulimi wake ulioisha, ukamchana midomo, akapuliza hivyo hivyo. Watu walikuja kucheza na kandambili kwa sababu viatu havikuwepo madukani, na hakuna Jumamosi hata moja waliyowakosesha. Kisha akafungua simu yake, akampigia wimbo mmoja wa Kaza Moyo ambao Khairiya hakuwahi kuusikia. Gitaa lilikuwa na ukali wa ajabu, na saksafoni haikujificha nyuma ya mwimbaji yeyote. Khairiya, aliyejiona mjuzi wa Minazini, alifuta machozi. Ulikuwa mzuri kuliko zote alizozijua.

"Umeshinda, mzee wangu," alisema. "Lakini themanini kuna Super Kiwango. Bila sabini hampandi kabisa."

"Basi hatupandi. Siwezi kuwapa kisogo walionibakia."

Hakuna alichokuwa anaringia. Alikuwa na miaka sabini na mitano, na jukwaa jingine kama lile asingelipata. Khairiya alilijua hilo, na ndiyo maana aliwaza haraka. Kama Tia Nanga iliondoka na Venance, basi Venance, ambaye mpaka leo ndiye kiongozi wa Super Kiwango, ndiye mtu wa sabini. Akampigia simu palepale, akaweka sauti ya juu mzee asikie, akamwomba abadilishane: yeye na wenzake waje kuiimba Tia Nanga, themanini waiachie Minazini.

"Binti, unajua unachoniomba?" Venance alisema. "Nisimame mbele za watu nikiri kwamba ujana wangu niliuacha kule nilikokimbia?"

"Ndiyo, babu. Ndicho ninachokuomba."

"Gozbert anasemaje?"

"Yuko hapa anakusikia."

Walikuwa hawajasemeshana tangu Ijumaa ile. Gozbert aliangalia chini. Aliyeondoka ndiye aliyepaswa kuanza, na Venance alianza.

"Kaka, ile siku sikukuaga."

"Ulikuja mpaka mlangoni," Gozbert akajibu. "Nilikuona. Nikajifanya nimelala."

Upande wa pili ulisikika mtu mzima akipenga kamasi.

"Mie sina mpulizaji wa Tia Nanga, kaka. Sikuwahi kupata mwingine."

"Nitakupulizia mie," Gozbert alisema. "Ukimaliza, ushuke unipishe na Kaza Moyo yangu."