Ekzosi ya Landkruza ya Anko Makuach

Turbo, kile kifaa cha kuipa injini nguvu, ilikuwa imelala juu ya gunia kwenye gereji ya Ojok, pale mtaa wa Custom, na Awien hakuweza kuiondolea macho. Ilifanana na konokono wa chuma. Ndani yake kulikuwa na kifeni kidogo, na Awien alitaka sana kujua kinazungushwa na nini. Lakini hakuwa mtu wa kuuliza mbele ya watu. Hata darasani, mwalimu alimpita kama kiti kitupu.

Anko Makuach, ndugu ya mama yake, aliileta kutoka Kampala kwa sababu moja tu. Mama yake Awien na wadogo zake wawili walikuwa bado Lokichoggio, ng'ambo ya mpaka, na mizigo yao yote, wanangoja kuletwa nyumbani. Na Landkruza ya Anko, ikishapakiwa, ilipanda vile vilima vya baada ya Torit ikihema kama mgonjwa. Safari iliyopita msafara wa magari haukuingoja. Anko alilala porini peke yake, na mpaka leo hapendi kuizungumzia siku hiyo. Msafara mwingine ulikuwa unaondoka Alhamisi.

"Ekzosi kwanza," alisema Ojok, fundi wa kutoka Gulu. "Ile bomba ya moshi ya zamani imeoza. Tunaweka mpya, halafu turbo inakaa. Sasa bosi, inchi mbili ama inchi tatu?"

"Mbili. Si iko hapo?" Makuach alionyesha kwa kidevu bomba jembamba lililoegemea ukuta. "Chomelea leo, Alhamisi niko barabarani."

"Mbili iko, sawa. Lakini roho yangu inataka tatu."

"Na hiyo tatu iko wapi?"

"Sherikat, kwa jamaa moja anang'oa bomba za lori mbovu. Shida, yeye iko Yei mpaka Jumamosi."

"Basi umejijibu. Halafu mwaka jana kuna fundi alinifungia hiyo tatu. Gari ikalala kabisa. Unakanyaga mafuta, inafikiria kwanza."

"Ilikuwa inafikiria dereva," Ojok alisema, na wote wawili wakacheka.

Kwa Awien neno Alhamisi lilikuwa tamu kama sukari ya kulamba. Mbili iwe mbili, mama aje. Lakini swali halikumtoka kichwani. Bomba liko huko nyuma, kazi yake ni kutupa moshi. Linaingiliaje nguvu za gari?

Wanaume wakainama chini ya gari kupima. Awien akaibeba turbo mapajani, ilikuwa nzito kama mtoto, akaweka mdomo kwenye tundu moja lililojaa masizi na kupuliza. Kifeni kikazunguka, tena kwa wepesi, kikalia kama nzi. Kumbe ni moshi unaokizungusha. Akapuliza tena, safari hii akiziba kwa kiganja pale pa kutokea. Kikasimama. Akaacha upenyo mdogo, kikajikokota. Akatoa mkono, kikaruka.

"Wewe, unakula nini?" Anko alikuwa amesimama juu yake. Midomo ya Awien ilikuwa myeusi kwa masizi.

Awien aliangalia chini. Angeweza kusema si kitu. Bomba jembamba lingechomelewa, na Alhamisi ingebaki Alhamisi.

"Ikibanwa huku nyuma, haizunguki," alisema, kwa sauti ndogo.

"Nani amebana?"

Alipuliza tena, wakaona. Akaziba nusu, wakaona.

"Lakini bomba si mkono," Makuach alisema. "Inchi mbili ni kubwa kuliko pumzi yako yote."

"Pumzi yangu, ndiyo. Na ya gari ikiwa na mzigo?"

Ojok alijikuna shingo. "Bosi, mwaka jana ilikuwa bila hii feni. Moshi ilikuwa inataka kubanwa kidogo, ndiyo ikimbie. Sasa ikishasukuma feni, iachie njia, iende zake. Ukibana, kule kwa kilima itachemka."

"Mbona hukusema hivyo mapema?"

"Nilisema roho inataka. Sababu ndiyo naona saa hii, kama wewe."

Makuach alitazama bomba la ukutani. Aliwaza kuachwa porini tena, safari hii na dada yake na watoto. "Kalas, basi," alisema mwishowe. "Tutangoja ya Sherikat. Msafara unaofuata ni baada ya wiki mbili."

Hapo ndipo Awien alipoona amefanya nini. Macho yakamjaa machozi. Anko akabonyeza simu na kumpa. "Mwambie mwenyewe. Mimi siwezi kupambana na ekzosi na mama yako siku moja."

"Mama," alisema Awien, "Alhamisi hatuji."

"Kuna nini tena?"

Akaanza na kifeni, akaendelea na kiganja, akafika kwenye vilima, na hakujua sauti yake imepanda mpaka mafundi wa jirani walipogeuka. Alijua mama amekasirika.

"Ngoja," mama alisema. "Huo moshi unazungusha feni, sawa. Na feni nayo inasaidia nini?"

Awien akakaa juu ya gunia na kuigeuza turbo. "Anko," aliita, bila kuona haya, "huu upande mwingine unapuliza wapi?"