Mfalme Asiye na Watani

Haruna alianza kufa wiki ya kwanza ya muhula. Alifia bwaloni, kichwa ndani ya sahani ya maharage ya mwenzake Laurenti. Akakoroma, akarusha mguu mmoja, akatulia kwa ustadi mkubwa, mpaka matroni akammwagia ndoo ya maji.

Vifo hivyo vilikuwa na sababu ya heshima kabisa. Siku ya wazazi, shule yao ya bweni karibu na Mingoyo ingeigiza mchezo wa kale ambamo Waziri anamnywesha Mfalme sumu, na mwishowe Malkia na ndugu wote nao wanakufa. Mfalme hafi upesi: kwanza anahutubia, kurasa tatu. Haruna, wa kidato cha tatu, aliutaka ufalme huo kuliko alivyotaka kufaulu hesabu.

"Kufa unajua," Mwalimu Debora, msimamizi wa mchezo, alimwambia. "Kama mchezo unauelewa, hilo ndilo sijui. Kesho nenda shule ya msingi hapo jirani, uwasimulie darasa la pili kwa maneno mepesi. Nitakuja mwishoni. Mtoto akinisimulia mchezo ukaeleweka, Mfalme ni wewe. Usipoeleweka, ni Laurenti."

"Laurenti, Mwalimu? Yule hata kusinzia hajui, ataweza kufa?"

Kesho yake Haruna alijifunga shuka jekundu la kitanda, ndilo joho, akampa mtoto mmoja aitwaye Saad cheo cha Waziri, na kazi ikaanza. Watoto walisikiliza midomo wazi. Sumu ikanywewa. Mfalme akahutubia, akaanguka katikati ya madawati.

Kidawa, aliyekaa mbele, asiye na meno mawili ya juu, akanyoosha mkono. "Kaka, Mfalme ni kabila gani?"

Maiti ikafungua jicho moja. "Mfalme hana kabila."

"Sasa watani wake watajuaje kama kuna msiba?"

"Hana watani."

Darasa zima likahuzunika. Sumu walikuwa wameikubali. Lakini kuzikwa bila watani! Huku kwao hata mwizi wa kuku akifa watani wake, watu wa kabila linalotaniana na lake, huja wakamsema, wakavaa nguo zake, wakaigiza mwendo wake, wakalala kaburini mpaka wapewe jogoo, na wafiwa wakalia huku wanacheka.

"Maskini," alisema Tomaso, mtoto mnene wa dawati la nyuma. "Aliwakosea nini watu?"

"Tuendelee," alisema Haruna. "Waziri akakaa kwenye kiti cha..."

"Mfalme kashazikwa?"

"Kashazikwa!"

"Na nani?"

Haruna akauona ufalme unamponyoka. "Haya! Mfalme ni Mmwera! Mmeridhika?"

"Mimi Mmakonde!" Tomaso akaruka juu ya madawati, akamkalia tumboni. "Mtani wangu! Umekufa makusudi ili usinipe jogoo? Mchoyo wewe! Hazikwi mtu hapa!"

Kidawa akalivuta lile shuka, akajifunga. Akatoa tumbo mbele, akainua pua, akatembea kwa maringo, Haruna kabisa. Akaenda moja kwa moja hadi kwa Saad.

"Waziri, kinywaji chako kitamu. Niongezee."

Saad akaangua kilio. "Sio mimi! Nimetumwa na Kaka Haruna!"

Mwalimu Debora alikuwa amesimama mlangoni. Alingoja vicheko vipungue, akamwambia Kidawa asimulie.

"Shikamoo, Mwalimu. Mfalme wa Kimwera alinyweshwa sumu na Waziri. Watani wakaja. Mmoja akavaa joho lake, akamwomba Waziri kinywaji tena. Waziri akadhani Mfalme karudi, akakiri, akafungwa kamba. Watani wakapewa jogoo, Mfalme akazikwa vizuri."

"Marahaba. Na Malkia? Na wale ndugu wanaochomana visu?"

"Wako msibani, wanakula."

"Kwenye mchezo wanakufa wote."

"Wafe kwa nini, Mwalimu? Waziri si keshakiri?"

Haruna, chini ya Tomaso, alisubiri hukumu.

"Mchezo umeeleweka," Mwalimu alisema. "Haruna, Mfalme ni wewe. Na tutaigiza hivyo hivyo, na watani hawa hawa. Ila hotuba tunaifuta. Utakunywa, utakufa, utanyamaza."

Siku ya wazazi Mfalme alitawala muda wa kumeza funda moja. Kidawa alipoanza kutembea na joho, ukumbi ulivunjika mbavu, na katika safu ya mbele mama yake Haruna alifuta machozi kwa ncha ya kanga.

"Mwanangu huyo!" alimwambia jirani yake. "Hivyo hivyo ndivyo anavyotembea!"

Marehemu alitaka kukanusha, lakini Tomaso alikuwa amemkalia kifuani, na jogoo alikuwa bado hajaletwa.