Toleo Jipya la Kwangu Peke Yangu

"Chaguo halitambuliki." Kioo cha kompyuta kilimjibu hivyo mdogo wangu kwa mara ya nne, nami nyuma yake nikauma midomo nisicheke.

Mdogo wangu wa tumbo moja, jamani! Mimi ndiye niliyemtafutia kazi pale chumba cha kompyuta cha hospitali, nikamfundisha hata kuwasha seva, ile kompyuta kuu. Miaka miwili haijaisha, bosi anamwita "kichwa", na cheo cha msimamizi, nilichokisubiri miaka tisa, kinamnyemelea yeye. Wivu ulikuwa unanitafuna, sina haja ya kuficha.

Asubuhi hiyo majibu ya maabara yalikuwa yamefutika, na bosi akamkabidhi yeye, si mimi, kazi ya kuyarudisha kutoka kwenye nakala ya akiba. Amri yenyewe ya mstari mmoja tu. Mwongozo ulieleza waziwazi: andika jina la programu, vistari viwili, kisha neno la kuchagua tarehe. Aliandika herufi kwa herufi. Programu ikagoma.

"Si ndivyo mwongozo unavyosema, dada? Mbona inakataa?" Jasho lilikuwa linamtoka.

"Mh! Labda umekosea mahali."

Hakukosea popote. Mwongozo ulikuwa wa toleo jipya la programu, na seva ilikuwa bado na la zamani, lisilolijua chaguo lile. Kusasisha ilikuwa kazi yangu. Toleo jipya nilikuwa nimeliweka wiki tatu kabla, kwenye folda yangu tu, ili wenzangu wakikwama nitokee mimi kuwaokoa. Nilikuwa nimeshaanza kuvuta kiti.

Kumbe yule si mtu wa kukwama. Aliiuliza programu namba ya toleo lake, akailinganisha na ya kwenye jalada la mwongozo. Kisha akaipekua seva nzima kutafuta programu nyingine ya toleo hilo. Akaikuta, na folda ilikuwa na jina langu. Aligeuka akanitazama, uso ukanishuka.

Akarudi kwenye kibodi. Akaiita programu kutoka humo humo, majibu yakaanza kurudi.

"Tatizo lilikuwa nini?" bosi aliuliza akiwa mlangoni.

"Toleo la zamani, bosi. Dada alikuwa analijaribu jipya kwanza, kabla ya kutuwekea sote. Ndilo lililotuokoa."

Mwezi uliofuata cheo nikapewa mimi. Mdogo wangu alikuwa wa kwanza kunipongeza, akanikumbatia mbele ya watu, nami nikamwonea wivu kuliko siku zote. Ningekuwa mimi, ningemchongea palepale.