Breki ya Mama Mkwe

Phineas alikuwa wakala wa usafiri mjini Kakamega, kazi aliyojibunia mwenyewe na ambayo haikumdai hata baiskeli. Alihitaji kiti kwenye baraza la fundi cherehani, kofia safi na mdomo. Ukitaka mahindi yako yafike Eldoret, au kitanda cha harusi kifike Bukura, ulimwendea Phineas, naye alikuambia uondoe wasiwasi, keshokutwa asubuhi lori litakuwa mlangoni. Mara nyingine lori lilikuja. Mara nyingi zaidi halikuja, na usimwite mwongo, kwa sababu alipokuwa akiahidi aliamini kwa moyo wake wote. Watu walimbandika jina Phineas Keshokutwa, na wageni wakadhani hilo ndilo jina la baba yake.

Uhuru ulipotimiza mwaka, jina hilo likamvunjia nyumba. Mama mkwe wake, Jescah wa Khayega, alikuwa na fahali mweusi aliyeogopwa hadi huko Isecheno, na fahali huyo alitakiwa kupigana mjini siku ya sherehe. Phineas aliapa kwamba mnyama hatakanyaga barabara, atapanda lori kama waziri. Watu wa Khayega walingoja na ngoma zao za isukuti tangu alfajiri, wakapiga, wakacheza, wakachoka, na lori halikutokea. Fahali akaja mjini kwa miguu. Alifika uwanjani ulimi nje, na kifahali fulani ambacho hata jina hakikuwa nalo kikamsukuma mara moja tu, akageuza na kukimbia.

Jescah hakupiga kelele, na hapo ndipo Phineas angepaswa kuogopa. Alirudi nyumbani na fahali wake, na njiani akapitia kwa Phineas akamchukua Ayuma, binti yake aliyekuwa mke wa Phineas. Kisha akamuuza fahali pamoja na miti yote ya nyuma ya boma, akanunua lori kuukuu, na juu ya kioo cha mbele akaandikisha kwa rangi nyekundu: SINGOJI MTU. Ujumbe aliomtumia mkwe wake ulikuwa mfupi. Siku Phineas atakaposema kitu kitafika na kikafika, na yeye Jescah akakiona kwa macho yake kikifika, siku hiyo azungumze habari za mke.

Basi Phineas akabaki na nyumba yenye mwangwi. Alimkosa Ayuma vibaya sana. Alikosa hata ile tabia yake ya kumkatiza katikati ya ahadi na kumuuliza, lori la nani?

Ndipo mzungu wa ndege akaharibikiwa na gari. Bi Gerda alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, aliyekaa msituni Isecheno akiwahesabu ndege na kuwaandika, na alilala ndani ya kombi yake. Ilikuwa kombi ya ajabu: nyuma ilikuwa na kitanda, jiko la gesi, kabati la vikombe na mapazia ya maua. Sasa injini ilikuwa imekufa kabisa, breki ya mkono ilikuwa imekatika, na fundi wa mjini alifunua kifuniko cha injini kule nyuma, akatazama, akafunika taratibu kama anayemfunika marehemu. Bi Gerda alikuwa anarudi kwao kwa meli kutoka Mombasa na hakutaka kuiacha. Alisema ameishi ndani yake zaidi kuliko alivyoishi katika nyumba yoyote.

Phineas akamwambia aondoe wasiwasi. Lakini safari hii, neno hilo lilipomtoka tu, akaona kwamba hiki ndicho kitu chenyewe. Hiki kikifika, Ayuma anarudi. Akafanya jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu aanze kazi: akapanda basi mwenyewe hadi stesheni ya Kisumu, akasimama mbele ya dirisha la karani mpaka akapewa behewa lisilo na paa kwenye treni ya mizigo ya Ijumaa jioni. Kutoka Kisumu hadi Mombasa kombi ilikuwa na njia. Kutoka Isecheno hadi Kisumu haikuwa nayo.

Alikwenda Mumias kwa Hassan, mwenye malori mawili. Hassan alimkaribisha vizuri, akamwagizia chai, akamsikiliza hadi mwisho, kisha akamwambia, "Phineas ndugu yangu, mimi nikisema inshallah namtaja Mungu. Wewe ukisema kesho, unamtajanga nani?" Wengine hawakumpa hata chai. Kufikia Alhamisi lililobaki lilikuwa lori moja katika wilaya nzima, na juu ya kioo chake palikuwa na maandishi mekundu.

Sasa, kwa watu wa huku, mwanamume na mama mkwe wake huheshimiana kwa mbali. Hawapeani mkono, hawakai karibu, na hawaingii pamoja katika nyumba yenye kitanda. Jambo hilo likitokea ni aibu ya ukoo mzima, na haliondoki mpaka mkwe alete mbuzi na watu wamle pamoja. Kwa hiyo Phineas alisimama nje ya ua wa boma la Jescah, Jescah akakaa ndani ya ua, na Ayuma akasimama langoni kupeleka maneno. Wote walisikiana barabara, ua wenyewe ulikuwa wa matete. Hata hivyo kila neno lilipitia kwa Ayuma, na halikutoka kama lilivyoingia.

Phineas alieleza kwa kirefu habari za kombi, treni na meli, na jinsi heshima ya Kakamega yote ilivyokuwa mashakani. Ayuma akageuka. "Mama, anaomba lori."

Jescah alisema kwamba mtu huyu ana uso mgumu kama gamba la kobe, kwamba fahali wake alikuwa na akili kumzidi, na kwamba hata kama lori lingekuwa linaoza hapo uani asingempa. Ayuma akageuka tena. "Mama anasema unalitaka saa ngapi."

Jescah hakukanusha. Alisema tu kwamba atakwenda nalo mwenyewe mpaka Kisumu, aone kwa macho yake, na maneno hayo Ayuma aliyapeleka bila kuongeza chumvi.

Ijumaa asubuhi lori lilirudishwa nyuma hadi kwenye ukingo wa udongo pale Isecheno, vijana wa msituni wakaisukuma kombi ikapanda. Onesmus, dereva wa Jescah, aliifunga kwa kamba za katani huku na huku. Lakini kwa kuwa breki ya mkono ilikufa, alisema ni lazima mtu akae ndani na kukanyaga breki ya mguu milimani, la sivyo kamba zitakatika na kombi itashuka peke yake kwenda itakako. Phineas akarukia kazi hiyo. Kule mbele angebanana bega kwa bega na mama mkwe, na hilo lisingewezekana. Bi Gerda alitangulia kwa basi ili akalilinde lile behewa.

Kabla hawajaondoka Jescah alizunguka lori, akachungulia dirishani, akaona kitanda, jiko na mapazia. "Onesmus," alisema, "mwambie huyo mtu hii si gari. Kitu chenye kitanda na jiko ni nyumba. Akae humo, na mimi nisisikie mtu ananiita huko."

Phineas alijibu, kupitia kwa Onesmus, kwamba ina usukani na magurudumu, na kwa hiyo ni gari. Jescah akauliza kama amewahi kuona gari lenye kijiko cha kukorogea chai. Hapo Onesmus akawasha injini kwa kuwa alitaka kufika.

Safari ilikwenda vizuri kuliko Phineas alivyozoea. Walipita Khayega watu wakisimama kushangaa: lori limebeba gari, ndani ya gari mtu kavaa kofia, anashika usukani kwa makini na anapunga mkono. Wengine walimtambua, wakapiga kelele kumuuliza atafika lini. Hakuwajibu. Kila mlima alikanyaga breki kwa nguvu zote. Mguu wa kulia ulimfikisha Majengo, ukachoka ukatetemeka, akauweka wa kushoto.

Walipoanza kuteremka kuelekea Kisumu, na ziwa likionekana kule chini, kamba moja ikakatika. Kombi ikasogea kama hatua moja, vikombe vikalia kabatini, na roho ya Phineas ikataka kutoka. Alikanyaga. Onesmus akasimamisha lori pale pale katikati ya mteremko. Breki za SINGOJI MTU nazo hazikuwa za kujivunia, kwa hiyo Onesmus hakuthubutu kuondoa mguu wake ili ashuke. Na huku nyuma mguu wa kushoto wa Phineas ukakaza kuanzia kidoleni hadi pajani, ukawa gogo. Alipojaribu kurudisha wa kulia, huo haukumsikia hata kidogo.

"Onesmus," aliita kwa sauti nyembamba ambayo hakuijua kuwa ni yake, "miguu imekataa. Kuja ukanyage wewe."

Onesmus alijibu kwamba akija yeye, wote watateremka hadi ziwani pamoja na lori. Barabarani hapakuwa na mtu. Palibaki miguu miwili tu iliyokuwa na nafasi, nayo ilikuwa ya Jescah, mkulima wa mahindi, migumu na imara.

Kisha mlango wa lori ukafunguliwa, na Phineas akasikia mtu akipanda ubavuni kwa kushika mbao. Akaelewa nini kinakuja, akapata hofu kubwa kuliko ile ya kufa.

"Mama, usiingie," alisema, na hilo lilikuwa neno la kwanza kumwambia mama mkwe moja kwa moja tangu aoe. "Hii ni nyumba. Wewe mwenyewe ulisema."

"Onesmus," Jescah alisema huku nje, akihema, "muulize mkwe wangu. Mlango wa hili gari unafungukia upande gani?"

Alivuta leso kutoka kichwani, akajifunga nayo machoni, akaingia kwa kupapasa. Phineas, kwa heshima ileile, akachukua kitambaa cha Bi Gerda cha kufutia vyombo, akajifunga nacho. Jescah alikaa kiti cha pembeni, akajivuta, mguu wake ukatafuta ukapata kwanza kifundo cha mkwe, halafu breki. Aliposhindilia, kombi ilitulia kama imepigwa msumari. "Sema twende," aliamuru, na Onesmus akaachia lori taratibu.

Ndivyo walivyoingia Kisumu. Watu wa sokoni waliona lori lenye maandishi mekundu likipita polepole, juu yake gari lenye mapazia ya maua, na ndani yake mwanamume na mama mmoja, wamefungwa macho wote wawili, kila mmoja amegeuza uso upande wake. Mchuuzi mmoja wa samaki alivua kofia. Hakuna aliyeuliza kitu.

Bi Gerda alikuwa amesimama kwenye jukwaa la stesheni, nje ya behewa, kama askari. Alipoiona kombi yake alishika mdomo, akalia bila kuficha. Wafanyakazi wa reli waliisukuma ikapanda behewani, wakaifunga kwa minyororo. Jescah alifungua leso baada ya kushuka tu, akasimama akaitazama ile treni mpaka ikaondoka, mpaka wingu la mwisho la moshi likatawanyika juu ya ziwa. Kitu kilikuwa kimefika. Aliyekisema alikuwa Phineas, na aliyekiona kwa macho yake alikuwa yeye.

Lakini hakuzungumzia habari za mke. Alisema, kupitia kwa Onesmus, kwamba wameingia nyumba moja na aibu hiyo haiwezi kulala. Mtu huyo alete mbuzi Jumapili.

Phineas alifungua mdomo aseme keshokutwa asubuhi bila wasiwasi. Akaufunga. Aliitikia kwa kichwa tu.

Hakutafuta lori. Jumapili, kabla jogoo wa jirani hajaamka, alitoka mjini kwa miguu akivuta mbuzi, njia ileile aliyoijia fahali. Mbuzi alikataa kila daraja, ikabidi ambebe. Alipofika kwenye ua wa matete jua lilikuwa linachomoza, kofia ilikuwa imelowa umande, na miguu ilimuuma kama siku ile mteremkoni.

Ndani, Jescah aliuliza ni nani. Ayuma akasema ni Phineas. Jescah akauliza leo ni siku gani, na Ayuma akasema ni Jumapili, mama.

Kisha Jescah alianza. Alisema mbuzi huyo amekonda kama ufagio. Alisema mtu mwenye akili angekuja baada ya kanisa, si kuwaamsha watu, na kwamba fahali wake alikuwa anatembea kwa madaha kumzidi. Alisema mengi, na Phineas, akiwa amesimama nje na kamba mkononi, alisikia kila neno.

Ayuma alitokea langoni. Alikuwa ameshavaa viatu, na sanduku lake lilikuwa kando yake.

"Mama anasema ule kwanza," alimwambia. "Halafu twende nyumbani."

Nyuma ya matete Jescah hakukanusha.