Mashimo Matatu ya Bwana Fundi

Siku ya tano ya kunywesha mashimo, Tulinagwe aliutua mtungi ukingoni, akashika kiuno kwa mikono miwili, akaliuliza shimo kimoyomoyo kama limeshiba. Shimo halikujibu. Lilikuwa shimo la Kizungu, halikuzoea kujibu wanawake.

Mwenye shimo alikuwa Mdachi wa misheni ambaye watu walimwita Bwana Fundi, kwa sababu jina lake halisi lilimaliza mate kinywani. Alikuja Matema kujenga nyumba ya mawe, lakini badala ya kujenga alichimbisha mashimo matatu ya kina cha kiuno. La kwanza lilikuwa mchangani karibu na ziwa. La pili lilikuwa katika kibonde cha udongo. La tatu lilikuwa juu kwenye mteremko wa changarawe, mahali ambapo hata mbuzi hupumzika mara mbili kabla ya kufika. Kisha akaamuru yatiwe maji. Kila shimo mitungi sita jioni ili lilowe, na asubuhi mitungi sita tena. Hapo yeye huchomeka kijiti chenye alama, hufungua saa yake ya mfukoni, hukaa juu ya kigoda na kuyatazama maji kwa heshima ambayo watu wengine huwawekea maiti.

Maji yalibebwa na wanawake wa Kikisi, wafinyanzi wa pale ufukweni. Na ieleweke kwamba ulikuwa mwezi wa nne, na mvua ya upande huu wa ziwa haina mazoea ya kupiga hodi. Mara mbili ilinyesha usiku, mashimo yakajaa hadi mdomoni bila msaada wa mtu. Mara mbili Bwana Fundi akatikisa kichwa na kuamuru yakaushwe kwa vibuyu, kazi ianze upya. Basi wanawake wakayatoa maji ambayo Mungu aliyatia bure, wakaenda ziwani kuchota mengine yenye kibali.

"Wifi," alisema Neli, dada wa marehemu mume wa Tulinagwe, huku akitua mtungi wake. "Nikifa, nizikeni katika shimo la tatu."

"Kule juu kote?"

"Ndiyo. Mnibebe ninyi, nami kwa mara moja nipande nikiwa nimelala."

Tulinagwe hakucheka. Shingo ilimuuma, na moyo ulimuuma zaidi, kwa ajili ya shimo la pili. Kibonde kile ndicho alichochimba udongo wake, na kabla yake mama mkwe wake. Vyungu vyake vilivuka kwa mtumbwi mpaka kwa Wanyakyusa wa bondeni, kila chungu kikabadilishwa kwa mahindi au maharage ya kukijaza. Shamba hakuwa nalo, maana mlima ulikuwa umeshuka hadi majini bila kumwachia hata tuta la viazi. Nyumba ya mawe ikikaa juu ya kibonde, atafinyanga nini? Ukungu?

Siku ile ya tano alimkabili Hezroni, mwalimu mwanafunzi aliyekuwa mkalimani wa Bwana Fundi, kijana ambaye hakuvua koti hata jua liwake namna gani.

"Ndaga, Mwalimu," alimsalimu. "Hebu niambie, Bwana anatafuta nini humu?"

"Anapima ardhi, mama."

"Anaipimaje?"

"Kwa maji," alisema Hezroni, akaondoka polepole kama mtu aliyemaliza kufafanua Maandiko.

Kwa maji! Basi hakukuwa na haja ya kuuliza zaidi. Mfinyanzi gani asiyejua kupima kwa maji? Chungu kikishatoka motoni na kupoa unakijaza, unakiweka kivulini, unaenda zako. Ukirudi ukakikuta kikavu upande wa nje, hicho ni chungu. Ukikikuta kinatoa machozi, hicho ni kigae, kivunje. Kumbe Bwana Fundi alikuwa akitafuta shimo lisilovuja, na ufukweni kote hapakuwa na udongo unaoshika maji kama ule wa kibonde. Tulinagwe akajiona amekwisha. Kipimo cha shimo la pili ndicho kilichobaki, kesho yake asubuhi, mvua ikikubali.

Mchana ule Bwana Fundi alijilaza na homa yake, na Hezroni akalala kwa kumwonea huruma. Tulinagwe akachukua mti wake wa kuchimbia udongo, wenye ncha ya chuma, akateremka ndani ya shimo la pili. Mama mkwe wake alikuwa amemwonya tangu alipoolewa: "Usichimbe kupita kiuno, mwanangu. Chini ya udongo kuna mchanga mweupe, na ukiufikia umeutoboa mfuko wa wajukuu." Shimo la Bwana lilikuwa limeacha udongo wa shibiri mbili tu kabla ya mchanga huo. Tulinagwe akatoboa. Akatoboa mara nne, akajaza kokoto katika matundu yasizibe, akapaka tope juu kwa kiganja kama anavyopaka kitako cha chungu. Kazi nzuri, kama si kwamba ilikuwa kinyume cha kila kitu alichowahi kufanya maishani.

Neli alilinda njia. Ishara ya hatari ingekuwa kuimba wimbo wa kanisani, na kwa kuwa alikuwa na hofu, aliuimba tangu mwanzo mpaka mwisho.

Jioni wakatia maji, na mvua ikakubali kukaa mbali. Asubuhi wakatia tena. Bwana Fundi akaja amejifunga blanketi, akakaa kwenye kigoda, akafungua saa. Maji yakaanza kushuka. Yakashuka alama moja, ya pili, ya tatu, hata kijiti kikabaki kimesimama peke yake kama mgeni asiyekaribishwa. Tulinagwe alifumba macho kwa shukrani.

Alipoyafumbua, Bwana Fundi alikuwa anatabasamu. Akapiga ardhi kwa kisigino, akasema neno moja.

"Hapa," alitafsiri Hezroni. "Nyumba itajengwa hapa."

"Hapa wapi? Shimo linavuja!"

"Ndiyo maana, mama."

"Mwalimu, usinichezee. Nani anachagua chungu kinachovuja?"

"Kwani anafinyanga? Anajenga nyumba," alisema Hezroni. "Maji yakituama chini ya nyumba, ukuta unapasuka. Na choo kinajaa, kinatoka nje kuwasalimia wageni. Anataka ardhi inayokunywa."

"Siku zote hizi ulilijua hilo?"

"Hukuuliza."

Neli akakaa chini palepale. "Wifi," alisema kwa sauti ya uchovu, "ungelala tu jana mchana. Sote tungelala."

Tulinagwe aliteremka shimoni, akakwangua tope, akaonyesha tundu la kwanza, la pili, la tatu, la nne. "Mwambie nimelitoboa mimi."

Hezroni alifungua kifungo cha koti lake kwa mara ya kwanza. "Mama, maneno hayo sina Kijerumani chake."

"Basi nitamwambia mwenyewe."

Akabandua donge la udongo kwenye ukuta wa shimo, akalikanda, akalibonyeza kwa gumba, akalizungusha, na kabla Bwana Fundi hajafunga saa yake kikawa kibakuli. Akakitia maji yaliyobaki mtungini, akampa mikononi. Kisha akaelekeza kidole kwenye kibonde chote, huku na huku.

Bwana Fundi alikishika kile kibakuli. Akakitazama upande wa chini. Akaitazama saa. Dakika zikapita, Neli akahesabu kunguru kumi na wawili. Hakuna tone lililoanguka. Ndipo Bwana Fundi alipotazama matundu manne, akamtazama Tulinagwe, akasema maneno mengi sana.

"Anasema," alitafsiri Hezroni, "lichimbwe shimo jingine, hatua kumi kutoka hili. Maji utabeba wewe peke yako."

"Hayo tu? Amesema mengi."

"Mengine ni ya kwake na Mungu."

Tulinagwe akabeba. Mitungi sita jioni, mitungi sita asubuhi, na safari ya mwisho miguu ilitembea kwa kukumbuka tu. Maji yakakaa. Mchana yalikuwa palepale, alama ileile, na chura alikuwa amekwisha kuhamia. Bwana Fundi aliwatazama, maji na chura, akaandika kitu katika daftari lake, akageuka na kuunyoshea mkono mteremko.

"Shimo la tatu," alisema Hezroni. "Nalo linakunywa, na ziwa halilifikii kama la kwanza. Mawe yataanza kupandishwa Jumatatu. Kila mwanamke aje na ngata yake ya kichwani."

Neli aliutazama mteremko, akamtazama wifi yake. "Kwa hiyo tumeokoa udongo wako, na sasa tunapandisha mawe mpaka kwa mbuzi."

"Ndiyo."

"Nyumba nzima?"

"Na choo chake."

"Utanifinyangia mtungi mpya, wifi. Mkubwa."

"Nitakufinyangia," alisema Tulinagwe. Akakaa ukingoni, akatumbukiza miguu yake miwili ndani ya yale maji yasiyokwenda popote, na chura akasogea kidogo kumpisha.